Kipindi cha muziki wa dansi kukatizwa na mpira kila Jumamosi: msikilizaji afanye nini?

Mshonaji wa Makole ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makole, Dodoma, na redio yangu ndogo iliyo juu ya kabati la vitambaa huwaka tangu ninapofungua mlango asubuhi hadi ninapofunga. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msikilizaji wa kituo kimoja, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nia yangu si kukichafua, na ambacho hujitambulisha kila baada ya nyimbo mbili tatu kuwa ni kituo cha muziki. Kila Jumamosi, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kina kipindi cha muziki wa dansi wa zamani, na saa nzima ya mwisho ni ya salamu.

Tangu mwezi wa nane kipindi hicho hakifiki mwisho. Ikifika saa 10 na nusu kinakatwa ili kupisha matangazo ya moja kwa moja ya ligi ya Uingereza, na hakirudi tena siku hiyo. Mara nyingi kinakatwa katikati ya wimbo. Wanaoujua muziki wa dansi wanaelewa maana yake: mtu anauvumilia uimbaji wa taratibu kwa dakika nne au tano akisubiri chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi na ya kuchezeka, na wao wanakata pale gitaa la solo linapoanza kuita.

Ningeweza kuendelea kunung'unika peke yangu huku nashona, lakini Jumamosi iliyopita mama yangu, anayeishi kijijini wilayani Mpwapwa, alitimiza miaka 70. Alhamisi nilipiga simu studioni, nikaandikisha salamu, na nikahakikishiwa kuwa zingesomwa mara tu baada ya saa 11. Mama alinunua betri mbili mpya, akawaita majirani wawili, wakakaa uani na redio katikati yao. Walisikiliza mpira hadi kipenga cha mwisho, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa salamu hazingesomwa siku hiyo. Aliponipigia usiku aliniuliza, kwa utulivu kabisa, kama huyo Arsenal ndiye aliyepewa salamu zake.

Naomba kujua kutoka kwa wenye uzoefu kwa nini kituo kinachojiita cha muziki hufanya hivi wakati mpira huohuo unapatikana katika vituo vingine, kama kuna utaratibu wowote unaokitaka kitoe taarifa mapema, na msikilizaji wa kawaida kama mimi apeleke wapi malalamiko yake.

---

Fundi Mitambo amejibu:

Dada, pole sana, na umfikishie mama pole zetu. Nimefanya kazi katika vyumba vya mitambo vya redio kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakueleza jinsi jambo hili linavyokwenda upande wa ndani, ingawa maelezo yangu hayatamrudishia mama saa yake.

Nianze na saa zenyewe, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini umeona tatizo tangu mwezi wa nane. Mechi nyingi za Jumamosi kule Uingereza kwa desturi huanza saa 9 alasiri kwa saa za kwao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na sisi hatusogezi kitu, hivyo katika miezi hiyo tunawatangulia kwa saa mbili tu na mechi hizo zinaanza saa 11 jioni kwetu. Ukiweka nusu saa ya uchambuzi kabla ya mchezo, unapata ile saa 10 na nusu yako. Oktoba ikiisha tofauti inakuwa saa tatu, mechi inaanza saa 12 jioni, na uchambuzi utakula nusu saa tu ya mwisho ya kipindi chako. Kwa kuwa ligi huanza Agosti na kumalizika Mei, tegemea ahueni Novemba, kisha tegemea adha hiyo kurudi Aprili. Meneja wa vipindi yeyote mwenye kalenda angeweza kukianzisha kipindi hicho saa 7 na nusu mchana katika miezi hiyo michache na kisipungue hata dakika moja. Sijui kwa nini hawafanyi hivyo. Nadhani ni uvivu tu.

Kuhusu fedha, mpira una mdhamini anayelipia muda wote kwa mkupuo, na siku hizi mara nyingi mdhamini huyo ni kampuni ya kubashiri matokeo, ambayo inamtaka msikilizaji akiwa na simu mkononi wakati uleule mpira unapochezwa. Wapenzi wa dansi ni wengi na ni waaminifu, lakini ni watu wazima wasio na haraka ya kununua kitu, na ofisi ya mauzo inajua hivyo. Inawezekana pia kwamba uamuzi haufanyiki Dodoma. Vituo vingi vya mikoani hupokea baadhi ya vipindi kutoka makao makuu Dar es Salaam, na inapofika saa ya kujiunga, vyote vinajiunga. Huenda mtangazaji wako alikuwa ameketi studioni na orodha ya salamu mkononi, jina la mama likiwamo, asiweze kufanya lolote.

Kukata wimbo katikati ni jambo jingine, na hapo sina utetezi. Amri ya kujiunga huwekwa kwenye kompyuta kwa sekunde kamili, na kompyuta haijui chemko ni nini. Zamani tulifundishwa kuhesabu kurudi nyuma: ikiwa unajiunga saa 10:30 na sasa ni saa 10:23, usiweke wimbo wa dakika tisa, weka wa dakika sita, kisha tumia dakika iliyobaki kuwaaga wasikilizaji na kuwaeleza kinachofuata. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote wa gharama.

Kuhusu malalamiko, leseni za maudhui hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ipo Kamati ya Maudhui inayoshughulikia malalamiko kuhusu vipindi. Hata hivyo, kukatiza muziki kwa mpira si sawa na kutangaza lugha chafu au habari ya uongo, na sitarajii mtu aadhibiwe kwa kosa la kumnyima msikilizaji gitaa la solo. Anza na kituo chenyewe, tena kwa barua. Simu husahaulika kabla hujakata, lakini barua ikigongwa muhuri mapokezi lazima ifike kwenye meza ya mtu.

---

Mlinzi wa Ihumwa amejibu:

Shikamoo kwa walionizidi umri. Dada mshonaji, naomba nitofautiane nawe kidogo, na ninafanya hivyo kwa heshima.

Ninalinda ghala upande wa Ihumwa, na zamu yangu huanza jioni. Sina runinga, wala siruhusiwi kuondoka langoni kwenda kibanda umiza kutazama mpira. Nina simu ya vitufe, na redio yake haishiki bila kuchomeka waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena. Mahali nilipo vituo vinavyosikika bila kukwaruza ni viwili tu, kimoja cha dini na kimoja cha muziki. Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa mpira unapatikana katika vituo vingine, ajue kwamba kwangu haupatikani.

Tarehe 3 Juni 2023, Yanga ilipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kule Algiers dhidi ya USM Alger, kituo hicho cha muziki kiliacha ratiba yake usiku ule na kuurusha mchezo wote. Tulikuwa tumefungwa 2-1 hapa nyumbani, tukashinda 1-0 ugenini, na kombe likaenda kwao kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Nilisimama gizani nikiwa nimeshika waya ule na kuunyoosha juu ili sauti isipotee, na kwa dakika zote zile sikuhisi kuwa nipo peke yangu. Kama wangeendelea na muziki usiku ule kwa sababu wanajiita kituo cha muziki, nisingewasamehe.

Lakini nitakubaliana nawe katika jambo moja. Timu yetu kuwa fainali ya Afrika si sawa na kila Jumamosi ya ligi ya Uingereza, ambayo watangazaji wetu hawapo hata uwanjani. Wanakaa studioni wakiangalia runinga na kusimulia wanachokiona. Nimelithibitisha hili nilipokuwa mapumzikoni nyumbani Nzuguni: kibanda cha jirani wanashangilia bao, na ndipo baada ya sekunde kadhaa mtangazaji wa redio anasema mshambuliaji anaingia eneo la hatari. Kwa mpira wa namna hiyo, mama angesomewa salamu zake kwanza.

---

Mstaafu wa Kikuyu amejibu:

Wanangu, nimesoma nyote na nimefurahi kuona mnajibizana bila matusi.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara. Kwa kumbukumbu zangu, mpira wa Simba na Yanga tuliusikiliza Idhaa ya Taifa, na aliyetaka nyimbo na salamu alihamia ile nyingine. Chombo kilikuwa kimoja, lakini kilikuwa na milango miwili. Hata Waingereza wenyewe, ambao ligi yao ndiyo inayotusumbua, walikuwa na shida hii: kwa miaka mingi BBC ilikuwa ikiweka michezo katika masafa ya kati ya Radio 2, ambayo ni idhaa ya muziki, hadi tarehe 27 Agosti 1990 ilipoanzisha Radio 5 na michezo ikahamia huko. Kituo chenye masafa moja tu ya FM hakina pa kumhamishia mtu, na kwa hiyo kinapaswa kuwa na adabu zaidi ya kile chenye masafa mawili.

Najua kijana mmoja atasema kipindi cha dansi kirushwe mtandaoni wakati mpira uko hewani. Kwa fundi aliye Makole huenda ikafaa, akiwa na bando. Kwa mama wa Mpwapwa aliyenunua betri mbili, hilo si jibu.

Mimi kinachoniudhi ni kingine. Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na Uwanja wa Jamhuri upo hapahapa mjini. Nielezwe ni kwa nini kituo kilichopo Dodoma kinakata kipindi chake kwa ajili ya timu za London, lakini Dodoma Jiji ikicheza nyumbani ninasikia nyimbo kama kawaida. Ninaelewa kuwa haki za redio za Ligi Kuu zilichukuliwa na TBC mwaka 2021, na kwamba mtu hawezi kwenda uwanjani na kipaza sauti chake bila makubaliano. Basi waende wakakubaliane. Siku watakapokatiza muziki kwa ajili ya timu ya mji huu, nitalalamika kwa sauti ya chini.

Na kwa kuwa tumefika hapo, ile nusu saa ya Jumamosi iliyokuwa na ngoma ya muheme na zeze za Wagogo, iliyotangulia kipindi cha dansi, iliondolewa zamani na hakuna aliyeuliza. Binti yangu, wewe umeuliza. Andika hiyo barua, nami nitatia sahihi.

---

Mshonaji wa Makole amejibu:

Nawashukuru nyote, na mzee wangu, shikamoo. Nitakuletea barua hiyo Kikuyu uisome kabla haijaenda.

Kaka mlinzi, sikuwa nimemfikiria mtu aliye gizani na waya mkononi, na nakiri kuwa nilipoandika swali nilitaka mpira uondoke kabisa. Nimebadilisha ombi. Barua haitawataka waache mpira. Itawataka watangaze tangu Ijumaa kuwa kesho kipindi kitaishia saa 10 na nusu, wazisome salamu kabla ya uchambuzi badala ya kuziacha, waache wimbo umalizike, na wafikirie kuanza mapema hadi mwisho wa Oktoba kama Fundi Mitambo alivyoeleza. Nimeongeza swali la mzee kuhusu Dodoma Jiji, ingawa nimeliweka mwishoni ili wasipate kisingizio cha kulijibu hilo peke yake.

Fundi, nina swali moja la mwisho. Niipeleke siku gani ili isilale mapokezi?

---

Fundi Mitambo amejibu:

Ipeleke Jumatatu asubuhi, kabla ya saa 3. Vituo nilivyofanyia kazi vilikuwa na kikao cha vipindi siku hiyo, na barua iliyoingia asubuhi husomwa wakati chai bado ni ya moto. Andika juu ya bahasha "Meneja wa Vipindi", si "Mkurugenzi", na nakala mpelekee yule mtangazaji wa salamu kwa jina lake. Yeye pia amechoka kukatwa.