Je, mbunge anaweza kupeleka muswada wake mwenyewe?

Mvuvi wa Igombe:
Habari za jioni, wanajukwaa. Ndugu yangu anayeishi Lincoln, katika jimbo la Nebraska, Marekani, amenieleza kwamba huko kila muswada husikilizwa hadharani na kamati: mjumbe aliyeuandaa hufungua kwa kuueleza na kuhojiwa, kisha huzungumza wanaouunga mkono, wanaoupinga na wasio na upande, na mwishoni yeye hurudi kujibu. Hapa Igombe mgombea mmoja alituahidi muswada wa kuunda mfuko wa boti za uokoaji ziwani. Je, Dodoma inamruhusu?

Wakili Nyakato:
Ndugu, muswada binafsi unaruhusiwa, lakini huo wa mfuko utakwama. Ibara ya 99 ya Katiba ya mwaka 1977 hailiruhusu Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi, wala unaotaka fedha zilipwe kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwasilishwe na Waziri. Mgombea wenu alipaswa kulijua hilo kabla ya kupanda jukwaani.

Mama Dagaa, Kirumba:
Wakili, sisi wa mwaloni tuliahidiwa kupunguziwa tozo. Nayo ni porojo?

Wakili Nyakato:
Hapana, mama, hiyo ni tofauti, kwa sababu ibara hiyohiyo inazuia kubadilisha kodi kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza. Hata hivyo, tazama kwanza risiti yako: kama fedha inakusanywa na halmashauri kwa sheria ndogo, mlango wa kubisha ni wa diwani, si wa mbunge.

Mwalimu Ilemela:
Naongeza jambo moja kuhusu kamati. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati inayohusika, nayo huwaalika wadau kutoa maoni, ambayo yanaweza pia kuwasilishwa kwa maandishi. Tofauti na Nebraska ni kwamba kwetu anayeutetea mara nyingi ni Waziri, kwa kuwa miswada mingi ni ya Serikali, na nauli ya kwenda Dodoma huwazuia wavuvi wengi kufika wenyewe. Kwa hiyo, Mvuvi, msisubiri muswada wa mtu: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikiletwa kurekebishwa, kikundi chenu cha mwalo kiandike barua, kitaje kifungu kwa kifungu, na maneno mbadala kiyaandike chenyewe.