Mafundi wa tovuti Tanga, fomu zenu zinameza namba za wateja na kurudisha tarehe nyuma!

Wakuu, salamu baadaye. Uzi huu ni wa wale wanaozunguka Chumbageni mpaka Raskazone na laptop begani, wakiwauzia wenye gesti, maduka ya vipuri ya Ngamiani na watu wa boti za kisiwa cha Maziwe kitu wanachokiita "mfumo". Ukurasa wa mbele unang'aa, picha zinateleza zenyewe. Fika sasa kwenye fomu ya kuweka nafasi, mlango pekee wa pesa kuingia, uone aibu.

Nani aliwaambia namba ya simu ni hesabu? Kuna mtu anajumlisha namba za wateja wake? Lakini mnaweka kisanduku cha type="number", halafu kwenye databesi (ghala la taarifa) mnafungua safu ya INT, yaani ya namba kamili. Mteja anaandika namba ya kuanzia 07, sifuri inadondoka, zinabaki tarakimu 9. Huyo ana afadhali. Mwenzake ameanza na 255, jumla tarakimu 12, na INT ya MySQL, programu ya databesi mnayotumia, inaishia 2147483647. Seva yenye masharti makali (strict mode) itakataa, mteja aone ukurasa mweupe aondoke zake. Isiyo na masharti (na mnaizima makusudi mkishaona kosa, badala ya kurekebisha safu!) inaishusha namba mpaka kwenye kikomo hicho na kuihifadhi kimya kimya. Ndiyo maana orodha ya wageni ina watu chungu nzima wenye simu moja, 2147483647, na mwenye gesti anapiga mpaka anachoka.

Namba ya simu ni maandishi. Safu iwe VARCHAR ya herufi 20, kisanduku kiwe type="tel" ili kibodi ya tarakimu itokee. Ondoa nafasi na vistari, sifuri ya mwanzo igeuze +255, hakikisha baada yake zipo tarakimu 9. Mgeni aliyeanza na + na msimbo wa nchi yake mwacheni alivyo, si kila anayekwenda Maziwe ana laini ya Tanzania.

Tarehe ndiyo balaa lenyewe. Mgeni anabonyeza tarehe 10 Agosti kwenye kalenda yenu ya mapambo, risiti inatoka 9 Agosti. Mnamlaumu mgeni, mnalaumu mtandao, mnalaumu hata simu yake. Sababu ni hii: kalenda inatengeneza saa sita kamili usiku wa tarehe 10 kwa saa za hapa. Nyinyi mnaipitisha kwenye toISOString, amri ya JavaScript inayoigeuza kuwa saa za UTC, yaani saa za kipimo cha dunia. Tanzania iko mbele kwa saa 3, kwa hiyo inakuwa saa tatu usiku wa tarehe 9. Kisha mnakata herufi 10 za mwanzo na kuzihifadhi. Yule mliyenakili kodi (code) yake huenda yuko London wakati wa baridi, kwake tofauti ni sifuri, kosa hataliona popote. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, mfumo wako unamwandikia mgeni kwamba alikuja jana!

Dawa yake haihitaji hata maktaba (library) ya kodi za watu. Kisanduku cha type="date" kinatoa maandishi ya mwaka-mwezi-siku tayari, yapeleke yalivyo kwenye safu ya DATE, usiyaguse. UTC iachieni mambo ya dakika na sekunde, kama muda wa malipo, na wakati wa kuonyesha tumieni majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Na jamani, mkiandika "boti inaondoka 2:00" mtu wa hapa ataisoma saa mbili asubuhi. Andikeni "saa 2 asubuhi, 08:00" muishe.

Halafu mtandao ukisuasua mteja anabonyeza Tuma mara tatu. Matokeo: vyumba vitatu, na ombi la namba ya siri ya malipo linaruka kwenye simu yake mara tatu. Kuzima kitufe kwa JavaScript hakutoshi, maana ataupakia upya ukurasa na brauza itatuma tena. Seva itoe namba ya pekee kila inapoonyesha fomu, ikae kwenye kisanduku kilichofichwa, safu yake iwe UNIQUE, yaani isikubali namba kujirudia. Ombi la pili lenye namba hiyohiyo lipewe jibu lilelile la kwanza. Ukishahifadhi, mpeleke mteja ukurasa mwingine kwa jibu la 303, linaloiambia brauza ifungue anwani nyingine. Taarifa ya malipo nayo huweza kuja mara mbili au kuchelewa, namba ya muamala pia iwe UNIQUE.

Haya yote ni ya msingi, lakini matangazo ya kazi yanataka "fulistaki" (wa mbele na nyuma ya mfumo) mwenye orodha ya fremuweki ndefu kama treni ya mkonge. Kijana anaijua React, chombo cha kujengea kurasa, muulize POST na GET, njia mbili za brauza kuwasiliana na seva, zinatofautianaje anakodoa macho. Simlaumu sana yeye. Namlaumu aliyemwajiri bila kumpa fomu moja aijaribu kwa simu ya bei rahisi.

Wenye biashara, kabla ya kutoa malipo ya mwisho jazeni wenyewe: namba ya 07, kisha ya 255, tarehe ya kesho, na bonyeza Tuma mara tatu haraka. Kisha mdai kuoneshwa kilichoingia kwenye databesi, msikubali ujumbe wa "asante" kwenye skrini.

Na ambao mmeshaharibu: namba zenye tarakimu 9 zinazoanza na 6 au 7 zirudishieni +255, hizo zinapona. Zile za 2147483647 hazina dawa ndani ya databesi. Fungueni kumbukumbu za malipo, mlinganishe kiasi na muda, mmoja mmoja, na msimtoze mwenye gesti hata shilingi kwa kazi hiyo.