Nafundisha Kikuyu gredi ya pili, nusu ya darasa si Wakikuyu. Nifanyeje?

Mwalimu_Zamu: Hamjambo wenzangu. Kikuyu nimezaliwa nacho, lakini enzi zetu ukikisema shuleni ulivishwa kibao shingoni, kwa hiyo kukiandika sikufunzwa na mtu. Sasa nimepewa vipindi vya lugha ya kiasili katika mji mdogo kando ya barabara kuu. Nusu ya watoto ni Waluo, Wakamba na Waluhya. Kitabu ni kimoja, changu.

Jana niliwasomea imla. "Mũtĩ", yaani mti, ukarudi "mote" karibu kila daftari. "Cukuru", yaani shule, ikawa "shukuru". Nikashika kalamu nyekundu, nikasita: si wameandika walichosikia? Na kuna mzazi, Mkikuyu mwenzangu, anasema hakumleta mtoto asome Kikuyu, hicho atakipata kwa nyanyake.

Chaki_Nyeupe: Iweke chini hiyo kalamu, mwalimu. Kiswahili kina irabu tano, Kikuyu saba. Ĩ inasikika karibu na e, ũ karibu na o, na mtoto aliyezoea a-e-i-o-u hana pa kuziweka. Anza kwa sikio. Mimi huwatoa nje: nikisema "thĩ" wanagusa ardhi, nikisema "thiĩ" wanaenda. Kuandika ni baadaye kabisa. Na huyo nyanya mwalike aje awategee vitendawili. Akisema "gwata ndaĩ", ile "kitendawili!" ya Kikuyu, mara moja tu, utaona darasa.

Mdadisi: Lakini tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 msimamo ni lugha ya eneo kwa madarasa ya chini, na mjini penye mchanganyiko, Kiswahili. Mkuu wako anasemaje?

Mwalimu_Zamu: Anasema huu wetu si mji.

Mdadisi: 😂 Pole.

Mwana_wa_Mũtĩ: Mimi Mkamba. Sisi pia tunaandika ĩ na ũ, na mti kwetu ni mũtĩ vilevile, kwa hiyo watoto wetu wakalishe karibu na wanaokwama. Mluo akuletee "yath", Mluhya "musala", zote ziandikwe ubaoni. Asije mtoto akadhani kipindi hicho si chake.

Mwalimu_Zamu: Leo tumecheza thĩ na thiĩ uwanjani. Wakikuyu wangu walikuwa wakitazama wenzao kwanza ndipo wainame. Ambaye hakukosea hata mara moja ni kijana wa Kijaluo, na sasa anataka yeye ndiye awe anaita maneno.