Rezo ya 5 GHz juu ya ziwa inakufa kila asubui

kijana_wa_kadutu
Jambo wandugu, musaidie. Tuko na antene mbili za 5.8 GHz, moja iko kwa kilima hapa Bukavu, kama metre 150 juu ya maji, ingine kwa pilone ya metre 15 kando ya ziwa upande wa Kabare, kati yao kilomita 20, karibu yote maji. Zinaonana vizuri, hakuna mti hakuna nyumba. Ila asubui mapema ziwa likiwa limetulia siñale inaanguka kabisa, upepo ukianza mchana inarudi yenyewe. Tulipandisha pwisansi mpaka mwisho, wapi! Ni mvua ama ukungu?

siñale_safi
Achana na mvua, inaanza kusumbua kweli kuanzia 10 GHz kwenda juu. Shida ni maji. Siñale inafika mara mbili, moja inakuja moja kwa moja, ingine inagonga ziwa kwanza na fazi yake inageuka (kilele cha wimbi kinakuwa bonde), zikikutana zinauana. Mchana mawimbi yanaitawanya ile ya maji, njo maana inapona. Pwisansi haiwezi, juu zote mbili zinapanda pamoja.

mwanafunzi_telekomu
Lakini yaya, OFDM (ile namna wifi inagawa data kwa masafa mengi madogo) si ilitengenezwa juu ya kushinda mwangwi? Wifi inaacha mikrosekunde 0.8 kati ya simboli (vipande vya data).

siñale_safi
Ule ni mwangwi unaochelewa, kama wa mjini. Hapa piga hesabu: 2 mara 150 mara 15, gawa kwa 20,000, njia ya kupitia maji inazidi ile ya moja kwa moja kwa sentimita 22 na kitu, kuchelewa kwake hata nanosekunde 1 haifiki. OFDM haioni mwangwi wowote, chaneli nzima inazama tu. Dawa ni kimo. Kwa vipimo vyenu, kwa ile pilone ya chini, toka pale siñale inakufa mpaka pale iko na nguvu ni kama metre 1.7, basi ongeza antene ya pili chini ya ile, na redio yenye kuchagua antene iko na siñale nzuri. Kushusha moja peke yake hapana, hewa ya usiku inapinda siñale na shimo, pale siñale inakufa, linahama.

mama_pilone
Kama hakuna feza: siñale inagonga maji kama kilomita 1.8 mbele ya pilone ya chini. Tafuta mahali pa kuhamisha antene, pale ukingo wa udongo unaficha ile sehemu ya maji lakini kilima cha Bukavu bado kinaonekana. Usibane sana, asilimia 60 ya zoni ya kwanza ya Fresnel (ile nafasi kuzunguka mstari wa siñale) ibaki wazi.

kijana_wa_kadutu
Aksanti sana mama. Nyuma ya pilone kuko kaukingo, ila ni shamba la mtu, lazima tuongee naye kwanza.