Mke, binti wa kambo na mtoto wetu mdogo: tuombe viza ipi ya Uingereza?

Baba Idrisa

Habari zenu wakuu. Nipo Leicester, kibarua changu ni ghalani, nalipwa kwa saa. Uraia wa hapa niliupata 2019 kwa kuomba. Mwaka 2020 nikaoa Tanga. Mke alikuja na binti yake, sasa yupo kidato cha nne na anatimiza miaka 18 tarehe 21 Novemba mwaka huu. Halafu tuna wetu wa pamoja, Idrisa, kazaliwa hukohuko Tanga 2021.

Nimeuliza huku na huku mpaka kichwa kinauma. Binamu yangu anasema wote waje kwa viza ya matembezi, wakishafika tutabadilishia humuhumu. Mke anaona bora aje yeye na Idrisa kwanza, binti abaki kwa bibi yake amalize mtihani, afuate mwakani. Mimi nataka waje wote pamoja ila hesabu ya pesa inanitisha, viza tatu si mchezo.

Hapa ghalani nimeanza Februari. Kabla ya hapo nilikaa miezi miwili bila kazi. Nikichanganya na ovataimu napata zaidi kidogo ya paundi 2,500 kwa mwezi kabla ya makato. Mke ana biashara ya vitenge, nayo inaingiza.

Baba wa binti yupo Mwanza. Hajamtia machoni mwanawe tangu ana miaka minne, labda Idi moja moja atatuma vocha. Akiandika barua ya ruhusa itatosha?

Fupi Nyundo

Sema baba kafariki, mambo yaishe. Nani ataenda Mwanza kutafuta kaburi?

Mama Twaha

Kaka, huyo wa juu mpite kama hukumwona. Udanganyifu ukibainika, ombi linakataliwa na mlango unaweza kufungwa miaka 10. Huyo mtoto atakuwa mtu mzima ana wanawe.

Naanza na Idrisa maana kwake hakuna kazi. Idrisa haombi viza. Wewe uliupata uraia 2019 kwa kuomba, yeye kazaliwa 2021, kwa hiyo ni raia wa Uingereza tangu siku aliyotoka tumboni, hata kama hajawahi kuiona mvua ya Leicester. Mwombee pasipoti: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti chako cha uraia. Basi. Angezaliwa ukiwa bado na ukaazi wa kudumu tu, ingekuwa hadithi nyingine. Kwa upande wa Tanzania, akifika miaka 18 itabidi achague uraia mmoja, ila hilo bado lipo mbali.

Kwa hiyo viza ni mbili, si tatu. Pumua kidogo.

Ya binamu yako achana nayo. Aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kubadilisha kuwa ya mwenza akiwa ndani. Atarudi Tanga kuanza upya, na nauli imekwenda.

Sasa binti, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wazo la mkeo ndilo nililolifanya mimi.

Mtoto ambaye baba yake yu hai na hahami naye, mama anatakiwa aoneshe kwamba malezi ni yake peke yake. Si kwamba anampenda au anamlisha tu. Wanaangalia nani anaamua: shule ipi, hospitali ipi, nani anaitwa mtoto akifanya kosa. Mimi nilikuja kwa mume wangu 2017, Twaha ana miaka 12, nikamwacha kwa mama yangu ili "nijipange". Miezi 14. Pesa nilituma kila mwezi, simu kila jioni. Tulipomwombea, tukaambatanisha na daftari la vikao vya wazazi la shuleni, tukijua ni ushahidi mzuri. Kila ukurasa sahihi ya bibi. Ruhusa ya kwenda safari ya shule, bibi. Kuchomwa sindano, bibi. Tukakataliwa, na ukisoma barua ile unaona kabisa daftari ndilo lililotumaliza. Tulikata rufaa, tukashinda, lakini Twaha alifika hapa sauti imeshakuwa nzito. Kijana ananisalimia uwanja wa ndege, nageuka kutafuta nani kaongea.

Mama yangu hakukosea kitu. Alilea, na kulea kwake ndiko kulikosomeka kwenye karatasi.

Na kwako kuna la ziada: binti lazima awe chini ya miaka 18 siku ya kutuma maombi. Hata akitimiza 18 wakati mnasubiri jibu, hawamtoi. Lakini huo "mwakani" wa mkeo haupo. Novemba 21 ikifika kabla hamjatuma, njia hii imefungwa.

Barua ya baba: ukimwandikisha "mimi kama mzazi natoa ruhusa", umewaambia kwamba ruhusa yake inahitajika, yaani naye anaamua. Kama yuko tayari kuandika, aandike ukweli wake, kwamba hajashiriki malezi tangu mwaka fulani na maamuzi yote ni ya mama. Halafu hata hiyo peke yake ni nyepesi. Uzito upo kwenye stakabadhi za ada zenye jina la mama, barua ya mwalimu mkuu ikieleza nani huhudhuria vikao, kadi ya kliniki, rekodi za hospitali.

Mzee wa Ghala B

Dada kamaliza upande wa watoto, mimi niongeze wa mfukoni maana nilikuwa kwenye hali kama yako, kazi mpya na pengo nyuma yake.

Kiwango cha chini cha kipato chako ni paundi 29,000 kwa mwaka, tangu Aprili 2024. Hakiongezeki kwa sababu ya binti. Vitenge vya shemeji havihesabiwi kwa ombi la kwanza, wanataka kipato chako cha huku.

Kwa sababu ya ile miezi miwili bila kazi, njia yako nyepesi ni miezi sita kamili kwa mwajiri huyuhuyu. Wanachukua jumla ya miezi sita kabla ya makato wanazidisha mara mbili, kwa hiyo jumla yako isipungue 14,500. Wewe kwa 2,500 unapita, ila kwa wembamba. Usikatae zamu za Jumamosi mpaka Agosti iishe! Karatasi za mshahara na za benki ziwe za miezi ileile, na za mwisho ziwe ndani ya siku 28 kabla ya kutuma.

Ada ya maombi ni kama paundi 2,000 kila kichwa. Ada ya afya, jumla kwa viza nzima, shemeji 3,105, binti 2,328. Viza ya kwanza ni miezi 33, mnaongeza tena, ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano.

Kiingereza anapimwa shemeji tu, kiwango cha chini kabisa. Kifua kikuu wanapimwa wote wawili, cheti kinadumu miezi sita, msikimbilie kupima sasa. Ndoa iwe imesajiliwa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, na kila karatasi ya Kiswahili iwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Baba Idrisa

Daah. Ina maana nisubiri Agosti, nitume kabla ya Novemba 21. Mtihani wa taifa je? Ni Novemba hiyohiyo.

Mama Twaha

Tuma Septemba. Kutuma maombi si kusafiri. Atakwenda siku moja kutoa alama za vidole, anarudi darasani. Kwenye fomu kuna sehemu ya tarehe mnayokusudia kusafiri, weka Desemba. Na mama na binti maombi yao yatumwe siku moja.

Swali: vikao vya shule anakwenda nani?

Baba Idrisa

Mke mwenyewe. Bibi magoti yanamsumbua, hata sokoni haendi.

Nimempigia sasa hivi kafungua sanduku. Stakabadhi zipo tangu kidato cha kwanza. Kadi ya kliniki ipo pia, mende wamekula pembeni ila jina la mama linasomeka. Anataka kuipeleka ikalaminetiwe.

Mama Twaha

Asiiguse! Waipige picha hivyohivyo na mende wake.