Nigeria wanawake wana makombe mangapi ya Afrika, 10 au 12?

Mtoto wa Temeke
Wakuu habari za wikendi. Naombeni msaada maana hapa kijiweni tumekaribia kushikana mashati. Ile fainali ya WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, ya jumamosi kule Rabat tumeiangalia wote mpaka saa saba usiku, Morocco anaenda mapumziko anaongoza 2-0, nikajua biashara imeisha hiyo, kumbe wale Super Falcons wa Nigeria walikuwa hawajaanza, Okoronkwo kaweka penalti, Ijamilusi kasawazisha, halafu Echegini dakika ya 88 anamaliza kazi, 3-2. Sasa mtangazaji anasema Nigeria kabeba kombe la 10, jamaa mmoja akatoa simu akatuonyesha orodha, tumehesabu mwaka mmoja mmoja inakuja 12. Muongo nani? Kuna kreti ya soda hapa inasubiri jibu.

Babu Takwimu
Hakuna muongo mkuu, inategemea mnaanzia wapi kuhesabu. 1991 na 1995 hakukuwa na mashindano ya kukusanyika nchi moja, zilikuwa mechi za nyumbani na ugenini za kutafuta timu ya kwenda Kombe la Dunia, na Afrika enzi hizo ilikuwa na nafasi moja tu. Timu kibao zilijitoa. 1991 Nigeria kamfunga Cameroon jumla ya 6-0 kaenda China, 1995 kamchapa Afrika Kusini jumla ya 11-2 kaenda Sweden. Hizo mbili ndo zinazowagombanisha. Fainali za kituo kimoja zimeanza 1998 hapohapo Nigeria, ukianzia hapo unapata 1998, 2000, 2002, 2004, 2006, 2010, 2014, 2016, 2018 na hii ya juzi, kumi kamili. CAF, shirikisho la soka Afrika, wanahesabu 10, na Wanaijeria wenyewe walienda Morocco na kaulimbiu ya Mission X, X si ndo kumi ya kirumi. Angekuwa anazo 11 kibindoni angeifuata ya kumi ya nini?

kahawa_chungu
Babu umemaliza. Niongezee tu kwamba hiyo ya 2000 haikuisha, walikuwa Afrika Kusini palepale kwao Vosloorus, Nigeria anaongoza 2-0, mashabiki wakaanza kurusha vitu uwanjani mechi ikavunjika dakika ya 73 Nigeria akapewa kombe. Zilizobaki walizochukua wengine ni Guinea ya Ikweta 2008 na 2012, zote akiwa mwenyeji (sisemi kitu), na Afrika Kusini 2022. Ya 2020 ilifutwa kwa ajili ya korona.

Mtoto wa Temeke
Shukrani wakuu. Jamaa anagoma lakini, anasema wale dada wa 1991 walitoka jasho bure? Na anauliza inakuwaje mashindano yameandikwa 2024 yamechezwa July 2025.

Babu Takwimu
Hawakutoka jasho bure, walicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, hiyo ndo zawadi waliyokuwa wanaigombea. Mwambie alipe soda. Hilo la mwaka ni ratiba tu, 2024 kulikuwa na Olimpiki Paris wakasogeza mbele jina wakaliacha.

omosh_254
Nyinyi mnabishania makombe ya wenyewe sisi huku Kenya hata ya kubishania hatuna 😂 Starlets, timu yetu ya wanawake, 2016 walienda Cameroon wakapigwa mechi zote tatu. Lakini iliyoniuma ni 2018, tuliambiwa tumeingia juu Guinea ya Ikweta walichezesha mtu hakustahili, watu tumeshafurahi vizuri, mara CAF wakawarudisha. Na si wangeenda basi wafanye kitu ya maana? Walifungwa 7 na Afrika Kusini, 5 na Zambia, 6 na Nigeria. Hata sisi tungeweza kufungwa hizo bana.

Mama Twaha
Pole omosh ila nyie 2019 mlitufunga 2-0 fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, hapahapa Chamazi, zile mbili za Shikangwa hatujasahau, kwahiyo msijifanye wanyonge. Mimi naumia na Twiga Stars wetu wa Tanzania. WAFCON ya 2010 tulitoka bila pointi, safari hii angalau tumepata ya kwanza, Opa Clement kamfunga Afrika Kusini bingwa mtetezi nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, tukaja kusawazishiwa dakika ya 70. Watu wanalaumu zile 4 za Ghana, mi naona tulijimaliza mechi ya kwanza kwa Mali, kimoja tu, na ni huyohuyo Mali aliyekuja kupita robo fainali kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Sare pale tungekuwa tunaongea mengine.

kahawa_chungu
Mama Twaha, sare ipi, tungepiga golini basi

Mama Twaha
Wewe uliiangalia mechi au ulisoma matokeo?