Naomba ushauri: muswada uliopitishwa mwishoni mwa kikao, Minnesota, Marekani

Ndugu wanachama, muswada wa jimbo tunaoufuatilia sisi wahudumu wa wazee majumbani ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti katika siku 3 za mwisho, kabla bunge halijaahirishwa moja kwa moja. Ungepita mapema, gavana angekuwa na siku 3, bila kuhesabu Jumapili, za kuutia saini au kuukataa kwa kura ya turufu, na akinyamaza ungekuwa sheria. Sasa ana siku 14 tangu kuahirishwa, na akinyamaza unakufa, utaratibu ambao mimi nauona wa ajabu. Theluthi mbili za kutengua kura ya turufu, yaani wawakilishi 90 na maseneta 45, hazitusaidii, kwa kuwa wabunge wameshaondoka. Je, tumwandikie gavana barua moja yenye saini nyingi, au kila mmoja apige simu ofisini kwake?